PS5 inaandika NAT Type 3, spidi ninayo ila mechi na washkaji hazikai, tatizo liko wapi?

Winga wa Tabata

Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya mtandao upande wa PS maana hapa nilipo sielewi nishike wapi. Nina PS5 nyumbani, intaneti ni ya faiba kifurushi cha Mbps 40, nikipima spidi kwa simu naipata yote, muvi zinapiga 4K bila kuganda hata kidogo. Shida ni online tu.

Nikiingia EA FC kucheza na watu nisiowajua naingia, kuna muda iko poa kuna muda naminya pasi inatoka mpira ushanyang'anywa. Ila nikimwalika mshkaji wangu yuko Mwanza tucheze wawili, inazunguka weee halafu inasema imeshindwa kuunganisha. Kwenye pati ya kuongea ndo kabisa, namuona yumo na yeye ananiona ila hatusikiani, afu cha ajabu akiingia mtu wa tatu, huyo wa tatu ananisikia na yule wa Mwanza anamsikia, sisi wawili ndo hatusikiani. Nimepima kwenye setingi za mtandao za PS inaniambia NAT Type 3. Mshkaji naye amepima kwake, anasema na yeye ni 3.

Nilivyofunga ni hivi: kampuni walipoleta faiba walibandika kiboksi chao sebuleni, kina waifai yake, ila chumbani ilikuwa haifiki vizuri (kuta za tofali nene) nikanunua ruta nyingine, nikavuta waya toka kwenye kiboksi mpaka chumbani, PS inatumia waifai ya hii ruta ya pili. Nyumbani tupo wengi na kuanzia saa mbili usiku hali inakuwa mbaya zaidi. Huduma kwa wateja wananishauri nipande kifurushi cha Mbps 100. Kabla sijatoa hela naomba mwenye uelewa anieleweshe, ntapona nikipanda?

kipa_wa_mtaa

mkuu badili DNS weka 8.8.8.8 na ya pili 1.1.1.1 afu zima ruta dakika tano uwashe, wengi huwa inawasaidia

Fundi Waya

Mkuu Winga, usitoe hela kwanza. Mbps 40 kwa gemu ni nyingi mno, mechi yenyewe ikishaanza haili hata Mbps 1, kinachokula spidi ni kudaunlodi gemu na apdeti zake. Hiyo 100 itakusaidia kushusha gemu haraka, NAT Type 3 itabaki pale pale.

Na ndugu yangu kipa, kwa heshima zote, DNS kazi yake ni kutafuta namba ya seva kwa kutumia jina lake. Ikishaipata kazi yake imeisha, mechi ikianza DNS haimo tena kwenye mchezo. Kama DNS ya kampuni ni mbovu utaona kuingia kunachelewa au duka la PS halifunguki, hapo kubadili kunasaidia kweli, lakini pingi (muda wa pakiti, yaani kipande cha data, kwenda kwenye seva na kurudi) haishuki kwa DNS na NAT haibadiliki kwa DNS.

Sasa Winga, wewe umeshatuambia jibu kwenye maelezo yako. Una ruta mbili zimefuatana na kila moja inafanya NAT. NAT maana yake ni kwamba ruta inachukua vifaa vyote vya ndani, simu, TV, PS, inavitoa nje kwa anwani moja ya IP, afu inakumbuka nani aliomba nini ili jibu likirudi lijue linaenda kwa nani. Ukiwa wewe ndo unayeanza kuongea hamna shida, ndo maana YouTube inakubali na seva za EA unazifikia. Shida inakuja pale mtu wa nje anapotaka kuanza kuongea na PS yako. Pati za kuongea na baadhi ya mechi za watu wawili zinaunganisha konsoli kwa konsoli moja kwa moja, kwa hiyo pakiti ya mshkaji wa Mwanza inafika kwenye kiboksi, kiboksi hakina kumbukumbu kwamba kuna mtu aliiomba, kinaitupa. Na hata kingeipitisha ingekutana na ruta ya pili nayo ingeitupa.

Type 1 ni konsoli iko wazi moja kwa moja kwenye intaneti, Type 2 iko nyuma ya ruta ila njia inapatikana, Type 3 imefungwa. Type 2 anaongea na wote vizuri tu. Type 3 akikutana na Type 2 mara nyingi inakubali, ila Type 3 kwa Type 3 hawaonani, na hicho ndo kinachowatokea nyinyi wawili, yule wa tatu bila shaka ni Type 2 ndo maana mnamsikia wote. Wenye Xbox wao wanaandikiwa kwa maneno, wazi, wastani au kali, na ile huwa inakuonya kabisa ikigundua NAT mbili.

Fanya hivi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako ya pili, ile ya chumbani, tafuta pameandikwa WAN IP, yaani anwani ambayo ruta inapewa upande wa nje. Ukikuta inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 mpaka 172.31, basi ni NAT mbili, imethibitika. Dawa yake nyepesi kuliko zote ni kuigeuza hiyo ruta ya pili iwe akses pointi tu, yaani irushe waifai bila kufanya NAT, ruta nyingi siku hizi zina hiyo modi unachagua inajiwasha upya kwisha habari. Kama haina, zima DHCP yake (ile inayogawa anwani kwa vifaa), ipe anwani ambayo haigongani na ya kiboksi, afu waya utoe kwenye tundu la WAN uchomeke kwenye tundu la LAN. Waifai yako chumbani inabaki kama ilivyo, ila anayegawa anwani na kufanya NAT anakuwa kiboksi peke yake.

Njia nyingine ni kuwaambia kampuni wakiweke kiboksi chao kwenye modi ya briji, kipitishe tu, kazi yote ifanywe na ruta yako. Hii ndo safi zaidi kama ruta yako ni nzuri kuliko ya kwao, ila utahitaji wakupe jina na nywila ya PPPoE (njia ya kuingia kwenye mtandao wao) kama wanatumia PPPoE na kuna mafundi wa kampuni ukiwaambia hivyo wanazunguka mada. Ukishindwa kote, ingia kwenye kiboksi weka DMZ (inapeleka kila kinachoingia toka nje kwenye kifaa kimoja) ielekee kwenye anwani ya ruta yako ya pili, inafanya kazi.

Ukimaliza hakikisha UPnP imewashwa kwenye hicho kitakachobaki kufanya NAT. UPnP inairuhusu PS iombe yenyewe kufunguliwa poti (milango yenye namba ya kupitishia data) inazohitaji. Usianze kufungua poti kwa mkono kabla hujajaribu hiyo. Kama itabidi, za PSN (mtandao wa PlayStation) ni TCP 3478 mpaka 3480 na UDP 3478 na 3479, Xbox yenyewe kubwa ni 3074, na lazima kwanza uipe konsoli anwani isiyobadilika kwenye ruta la sivyo umeme ukikatika ukarudi, PS ikapewa anwani nyingine, poti zinaelekea kwa TV.

Halafu rudi na jambo moja la pili, ni muhimu: angalia pia WAN IP ya kiboksi chenyewe cha kampuni. Nitakwambia kwa nini ukiniletea namba.

Dada wa Konsoli

Fundi kamaliza upande wa NAT, mimi naomba nishike hapo kwenye saa mbili usiku maana hilo ni tatizo la pili kabisa na watu wengi wanayachanganya. Unaweza ukarekebisha NAT ikawa Type 2 safi na bado pasi zikachelewa.

Winga anza na kitu kidogo. Chukua laptop kaa nayo pale pale PS ilipo, iunganishe waifai ile ile, fungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, uipingi ruta yako mwenyewe, siyo Google, ruta. Kwa mfano ping 192.168.1.1 -t kwenye Windows, iache iende dakika kadhaa. Ruta iko mita chache toka hapo ulipo, inatakiwa ijibu milisekunde 1 mpaka 5. Ukiona inaruka 3, 4, 90, 210, 5, inakatika, 60, basi tatizo ni waifai, halijatoka hata nje ya nyumba, na hata ungewekewa faiba ya Mbps 1000 bado utalagi. Hapo hamia kwenye 5GHz kama bado uko 2.4, maana 2.4 mjini imejaa waifai za majirani, bluetooth na maikrowevu. PS5 inashika 5GHz, PS4 Slim na Pro pia zinashika, ila ile PS4 ya kwanza kabisa ya 2013 haina 5GHz kwa hiyo wenye hiyo mtafute waya tu. Na kwa kweli hata wewe mwenye PS5, ruta iko chumbani kwako tayari, waya wa Cat5e wa mita mbili ni hela ndogo sana, chomeka uachane na waifai kwa ajili ya gemu. Waifai hata ikiwa nzuri inarusharusha muda wa pakiti, na gemu ya mpira inataka pakiti zifike kwa mwendo ule ule, pingi ya 90 iliyotulia unaizoea ila inayoruka kati ya 40 na 200 huwezi kuizoea.

Sasa kama ruta inajibu vizuri, rudia kipimo usiku kwa 8.8.8.8 na katikati ya kipimo mwambie mtu aanze kupandisha video kwenye WhatsApp au Google Drive. Angalia namba. Kwenye nyumba nyingi nilizopima inatoka kwenye makumi inapanda mpaka mamia na inabaki huko mpaka ile video iishe. Hiyo ni foleni ndani ya ruta. Ruta ikizidiwa upande wa kutoka haitupi pakiti mapema, inazipanga, na pakiti yako ndogo ya pasi inajikuta kama abiria mwenye mkoba mkononi amesimama nyuma ya watu wenye magunia. Spidi kwenye kipimo inaonekana iko vile vile kwa sababu kipimo cha kawaida kinahesabu magunia.

Na angalia sana upande wa aplodi, sio daunlodi. Simu zote za nyumbani zikirudi jioni zikashika waifai zinaanza kupandisha picha za siku nzima bila mtu kuzigusa, kamera za getini nazo zinatuma video mawinguni masaa 24. Dawa ni kuiambia ruta isijaze njia mpaka mwisho. Kwenye ruta tafuta QoS (setingi ya kupanga nani apite kwanza), weka kikomo cha aplodi kiwe asilimia 85 mpaka 90 ya unachopima kweli, na daunlodi vivyo hivyo. Ruta zenye SQM, aina ya QoS inayozuia hiyo foleni (za OpenWrt, programu huru ya ruta, zinayo) ndo zinafanya vizuri zaidi, zinagawa kwa haki zenyewe bila wewe kutaja kifaa kimoja kimoja. Unapoteza spidi kidogo, unapata utulivu. Mimi nyumbani kwangu watu wanaangalia muvi mbili kwa pamoja na nacheza fainali bila wasiwasi.

Ila kama ukiigeuza ruta yako kuwa akses pointi alivyosema Fundi, hiyo QoS itabidi ifanyike kwenye kiboksi cha kampuni, na vile viboksi vingi havina ya maana. Kwa hiyo kwa mwenye nyumba ya watu wengi mimi ningesukuma sana upande wa briji, ruta yako ndo iwe bosi. Wabembeleze.

Likoni_FC

Niko Mombasa hapa, naomba niongeze la umbali kwa sababu naona watu wakifukuzana na pingi ya 20 ambayo kwetu haipatikani. Mwanga ndani ya faiba unaenda kama km 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila km 100 ya njia kwenda na kurudi ni milisekunde 1. Kutoka huku mpaka London ni zaidi ya km 7,000 ukipiga mstari ulionyooka, tayari hiyo ni milisekunde 70 na ushee hata kama kila kifaa katikati hakichukui muda wowote, na kebo za baharini hazipigi mstari, zinazunguka bahari ya Shamu, Misri, Mediterania. Hivyo ukiona 140 au 150 kwenda Ulaya, mtandao wako uko sawa, ni jiografia. Seva ikiwa Johannesburg inakuwa nafuu kwetu, na kwa wanaocheza Fortnite, ndani ya setingi za gemu kuna orodha ya maeneo na pingi ya kila eneo, chagua mwenyewe usiiachie ijichagulie, Mashariki ya Kati au Ulaya itategemea kampuni yako inapitisha njia gani.

Na kuna siku sio wewe, sio ruta, sio kampuni. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini huko, Tanzania na majirani tuliumia pamoja. Siku kama hiyo gemu yako ikienda vibaya usianze kufungua ruta na kuvuruga setingi zilizokuwa nzuri, uliza kwanza wenzio kama nao ni hivyo hivyo.

Kingine, kupingi 8.8.8.8 ni kipimo kizuri cha njia ya kutoka nyumbani, ila Google wana mitambo karibu na sisi, isikudanganye kwamba ndo pingi ya gemu.

mkulima_wa_magoli

mimi niko nje ya mji faiba hakuna natumia ruta ya 5G ya laini ya simu, NAT Type 3 kila siku, nimewasha UPnP, nimefungua poti zote zilizotajwa, nimeweka mpaka DMZ, hamna kitu. hii yangu ina dawa?

Fundi Waya

Mkulima, hapo ndo nilikuwa namsubiri Winga na namba ya kiboksi. Anwani za IPv4, hizi IP za kawaida, ziko kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, mwaka 2011 hazina kuu ya dunia ilimaliza kugawa, na AFRINIC ya kwetu Afrika toka 2020 wanatoa kwa kipimo kidogo kidogo. Kampuni za simu zina wateja mamilioni na anwani hazitoshi, kwa hiyo wanawaweka watu wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hiyo ni NAT kubwa iliyoko kwao, inaitwa CGNAT. Wewe unafungua mlango kwenye ruta yako, mlango uliofungwa uko kwao, hata DMZ haiwezi kuufikia.

Kuijua ni rahisi. WAN IP ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 pale mwanzoni, hiyo ni CGNAT moja kwa moja, hizo anwani zimetengwa kwa kazi hiyo. Kampuni nyingine wanatumia 10 kitu. Ukiwa huna uhakika linganisha WAN IP ya ruta na ile unayoonyeshwa ukiuliza kwenye intaneti IP yangu ni ipi, zikitofautiana kuna NAT nyingine mbele yako.

Ila usikate tamaa, kuwa nyuma ya CGNAT sio lazima upate Type 3, inategemea mitambo yao imepangwaje. Kuna watu wako nyuma ya CGNAT na wanasoma Type 2 miaka yote. Kwako wewe imeshindikana, kwa hiyo cha kufanya ni kuomba IP ya umma. Kwenye faiba ni rahisi kidogo, kwenye laini za simu mara nyingi ni vifurushi vya biashara au APN (setingi ya laini ya kuingilia intaneti) maalum, waulize kwa jina hilo hilo, IP ya umma. Usiseme intaneti inasumbua, ukisema hivyo watakwambia zima uwashe.

Winga wa Tabata

Wakuu nimerudi, Mungu awabariki sana. WAN IP ya ruta ya chumbani ilikuwa 192.168.100.4, kama alivyosema Fundi, NAT mbili. Nikaigeuza akses pointi, nikachomeka PS kwa waya, nikawasha UPnP kwenye kiboksi, nikapima, bado Type 3. Nikaangalia WAN IP ya kiboksi nikakuta 100.72 na kuendelea. Nikapiga simu nikasema nahitaji IP ya umma kwa ajili ya gemu, wa kwanza hakuelewa, nikaomba niunganishwe na upande wa ufundi, yule akanielewa pale pale, wanaitoa kwa nyongeza kidogo ya kila mwezi, chini kabisa ya tofauti ya kwenda Mbps 100. Wameiwasha jana, kiboksi kikajizima na kuwaka, nikapima, Type 2! Nikampigia wa Mwanza, pati tunasikiana, mechi imeingia mara ya kwanza tu na yeye bado ni Type 3.

Ya usiku pia Dada nimeifanya, ruta ilikuwa inajibu vizuri kabisa kwa waya, ila 8.8.8.8 ikaenda mpaka 300 na ushee mdogo wangu alipokuwa anapandisha video. Nimewaomba wale wa ufundi briji, wamekubali, wanakuja wiki ijayo kwa sababu wanataka kubadilisha na kiboksi.

Swali la mwisho, kaka yangu anahamia hapa na Xbox yake. Zikiwa konsoli mbili ndani tutagombania?

Fundi Waya

Safi sana mkuu. Hamtagombania kama mtaacha UPnP ifanye kazi, kila konsoli inaomba poti yake. Mnachotakiwa kukwepa ni kufungua poti kwa mkono, kwa sababu poti moja inaelekezwa kwa kifaa kimoja tu, na DMZ vile vile ni kifaa kimoja. Kwa bahati PS na Xbox zinatumia poti tofauti, wanaosumbuka ni wenye Xbox mbili zinazotaka 3074 kwa pamoja, hao wanaingia kwenye setingi za mtandao za juu za Xbox moja na kuchagua poti mbadala.

Ila siku wakija kuweka briji, hakikisha UPnP unaiwasha upya kwenye ruta yako, ile ya kiboksi itakuwa haipo tena. Na muombe fundi asiondoke mpaka umepima NAT kwenye PS akiwa hapo hapo.

mkulima_wa_magoli

nimeangalia yangu inaanza na 10.140, kesho asubuhi naenda dukani kwao, nitaleta majibu